Nishani ya askari wa KAR iliyokuwa rehani kwa babu yangu, na jinsi ilivyorudi kwa wenyewe

Babu yangu alikuwa sonara Mji wa Kale, Mombasa. Alipofariki, nilipewa mimi kazi ya kupanga vitu vya karakana yake, kwa kuwa nilikuwa nikishinda naye tangu utotoni na nilijua kila kitu kinakaa wapi. Fedha chakavu alizonunua ili aziyeyushe zilikuwa ndani ya bati moja kubwa, zimechanganyika: bangili zilizokatika, vipuli visivyo na wenzao, sarafu za zamani. Vitu vya rehani alivitenga kwenye droo, kila kimoja kimefungwa kitambaa chake na kupigwa fundo. Nishani niliikuta kwenye droo, wala si kwenye bati.

Ilikuwa nyeusi kwa kukaa. Upande mmoja ina kichwa cha mfalme George wa Tano. Upande wa pili kuna mtu uchi juu ya farasi, kwato zimekanyaga ngao yenye tai, chini kuna fuvu na mifupa, na pembeni miaka 1914 na 1918. Hii ni nishani ya Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza. Zilitolewa za fedha kiasi cha milioni sita na nusu, kwa hiyo yenyewe si kitu adimu. Thamani yake iko ukingoni, ambako pamegongwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi chake. Nilichukua lenzi ya babu, nikailaza nishani ubavu karibu na taa ili mwanga uingie kwenye herufi, nikasoma: askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza lenye askari wa Kiafrika, kikosi cha tatu, ambacho kilikuwa cha Kenya. Jina la kwanza lingeweza kuwa la mtu wa popote. La pili, la baba yake, lilikuwa la Kitaita, ingawa karani wa Kizungu aliliandika alivyolisikia.

Kulikuwa na jambo jingine. Ule upau wa juu wa kupitishia utepe ulikuwa umetolewa, na mahali pake pametiwa pete ya shaba, imeungwa na mtu asiyekuwa fundi. Lehemu ilimwagika hadi kwenye utosi wa mfalme. Babu asingeacha kazi ya namna hiyo itoke mikononi mwake, kwa hiyo nilijua ililetwa ikiwa hivyo.

Kwa anayekuta kitu kama hiki, naomba sana: usikisugue. Kila anayesugua anaondoa fedha kidogo, na herufi za ukingoni ndizo zinazokwisha kwanza. Zikifutika, jina la mtu limekwenda, na huna tena pa kuanzia. Funga kwenye kitambaa cha pamba, piga picha, nakili maandishi yote pamoja na makosa yake ya tahajia.

Tulipokaa kuzungumzia mirathi, mawazo yalitofautiana. Ami yangu aliona tuiuze. Kuna watu ng'ambo wanaokusanya nishani, na za askari wa Kiafrika hawazipati kila siku. Hakusema kwa ubaya. Babu alitoa pesa yake kwa kitu kile, na pesa ile haikurudi. Shangazi alimjibu kwa swali: kama ni mali yake, mbona hakuiyeyusha? Fedha ya nishani hii ni nzuri kuliko nusu ya vitu vilivyokuwa kwenye bati, na kuna miaka babu alihangaika kutafuta fedha ya kufanyia kazi. Ilikaa kwenye droo kwa miongo, na hakuigusa.

Tulimwendea sheikh wetu, na maelezo yake yalikuwa mafupi. Kitu cha rehani hubaki kuwa mali ya aliyekiweka. Aliyekopesha ana haki ya deni lake tu, na haki hiyo ndiyo inayorithiwa. Warithi wanaweza kulidai au kulisamehe, lakini hawawezi kugawana kitu ambacho marehemu hakukimiliki. Akatukumbusha kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifariki deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi aliyemkopesha shayiri. Nilikuwa nimeisikia hadithi hiyo tangu madrasa, lakini siku ile ilinifikia kwa namna nyingine, maana na sisi mikononi mwetu kulikuwa na kitu cha vita, na mwenyewe yuko mahali.

Mimi nilikuwa na sababu yangu pia. Ile sanamu ya askari iliyoko Nairobi, Kenyatta Avenue, ina maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Ahadi ile iliandikwa bila jina hata moja chini ya sanamu. Huku kwenye fedha ya upana wa sentimita tatu na nusu, jina lilikuwapo, na wana wenyewe hawakuwa nalo. Ami alikubali. Deni tukalisamehe sote kwa pamoja, mbele ya sheikh.

Kutafuta ukoo kulinifunza kuficha. Nilipopeleka tangazo kwenye redio moja ya Pwani, na baadaye kwa machifu wa upande wa Taita ili walitaje kwenye baraza, nilisema tu kwamba imepatikana nishani ya askari wa KAR wa Vita Kuu, nikataja majina mawili. Namba sikuitaja, wala kikosi, wala ile pete ya shaba. Ukitangaza yote, utakuwa umempa kila mtu majibu kabla hujamuuliza swali.

Simu zilikuja. Wengine walikuwa waungwana kabisa, babu zao walikuwa askari kweli, lakini wa vita vya pili, waliopelekwa Burma. Hao niliwasikiliza hata nilipojua si wao, kwa sababu walihitaji kusikilizwa. Mmoja alitaka kujua kwanza ina uzito gani. Kisha akapiga kijana anayefanya kazi Nairobi, akasema jina la pili ni la baba wa babu yake, na wanacho kipande chake, kile cheti cha utambulisho cha enzi za ukoloni. Nikamwomba namba. Haikulingana na ya nishani. Nusura nimwambie hapana, lakini nikafikiri: kipande kilikuwa cha serikali, kilianza kutolewa baada ya vita, namba yake haina uhusiano na ya jeshini. Nikamuuliza kama yuko mtu mzima nyumbani aliyewahi kuiona nishani yenyewe.

Alikuwapo. Binti wa mwisho wa askari yule, mwanamke mzee sana, aliwekewa simu sikioni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mjukuu wangu, kisha bila kuulizwa akasema, "Ile ya baba ina pete ya shaba. Aliitia mwenyewe mama apate kuivaa." Nilinyamaza, naye akaendelea. Mwaka wa njaa mama yake aliteremka Mombasa na treni, akarudi na unga na bila nishani. Baba yao hakusema neno, ila alimuuliza mama kama amemwachia mtu mwaminifu.

Yule kijana alitaka niitume kwa basi siku hiyohiyo. Nilikataa kwa upole. Mzee yule alioa wake wawili, na kitu kimoja hakigawanyiki. Nikimpa wa kwanza kunipigia simu, huenda ninapeleka ugomvi kwenye ukoo uliokuwa na amani. Nilimwomba waketi nyumba zote mbili, waamue nani atakuwa mtunzaji, ndipo nije. Walikaa. Upande mmoja ulipendekeza makumbusho ya Fort Jesus, na kwa kweli hilo nami nililiona ni wazo zuri la baadaye. Lakini waliafikiana kwamba maadamu Bibi yu hai, ikae kwake, na baada yake wataketi tena.

Nilikwenda na shangazi. Kabla ya kukabidhi tuliandika karatasi mbili za aina moja: maandishi ya ukingoni kama yalivyo, hali ya nishani, kwamba deni limesamehewa, jina la mpokeaji. Mashahidi kutoka kila nyumba waliweka sahihi, na naibu wa chifu naye. Nashauri sana karatasi hizo. Haziondoi heshima ya tendo; zinaulinda ukoo usije ukabishana wakati wale walioshuhudia hawapo. Bibi aliikamata nishani, hakuangalia uso wa mfalme wala farasi. Alipitisha kidole kwenye ile lehemu iliyomwagika, akacheka, akasema baba yake hakuwa fundi.

Wajukuu walitaka kulipa lile deni, na shangazi alikazana kwamba limekwisha. Walipoona hatubadiliki, Bibi alituomba jambo lingine. Baba yake alikwenda vitani na kaka yake. Huyo kaka hakuwa askari, alikuwa mpagazi wa kubeba mizigo, na hakurudi. Hana kaburi wala karatasi. Nikamweleza kwamba tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita, CWGC, ilitoa ripoti mwaka 2021 ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, waliokufa katika vita vile hawakuwekwa kwenye kumbukumbu yoyote kwa majina, na kwamba sasa inayatafuta.

Tuliandika palepale, Bibi akitamka, mjukuu akiandika: jina la kaka, la baba yao, la kijiji, na kwamba aliondoka pamoja na mdogo wake ambaye namba yake ya jeshi ni hii. Ile namba ya ukingoni ndiyo karatasi pekee ya kijeshi waliyo nayo ukoo mzima. Barua imekwenda, na picha ya nishani ndani yake. Tunangoja majibu.