Dada Asha kalala; kaka kala dagaa

Sentensi hiyo hapo juu niliitunga jioni moja dukani, baada ya kufunga mahesabu. Ifuatilie kwenye kibodi yako herufi kwa herufi. Ukiacha herufi kubwa, yote iko kwenye mstari wa kati, ule ambao vidole hupumzikia, pamoja na nuktamkato yake. Mkono haupandi wala haushuki.

Nina steshenari ndogo Morogoro, karibu na stendi ya daladala. Kabla ya hapo nilikuwa mahakamani, mpiga chapa, kuanzia mwaka 1998 hadi 2022. Mwezi Machi binti wa dada yangu alikuja kukaa kwangu, kamaliza chuo, anatafuta kazi. Kwenye simu vidole gumba vyake vinakimbia kiasi kwamba sivioni. Mweke mbele ya kompyuta: vidole viwili, shingo imeinama, macho yanawinda herufi moja moja. Nikamwambia atafute programu ya mazoezi kwenye intaneti, zipo za bure. Akafanya wiki mbili kwa bidii. Siku ya kwanza kumpa barua ya mteja, ya Kiswahili, akakwama mstari wa pili.

"Mama mdogo, Kiswahili kinaniumiza kidole." Akaninyoshea kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Ana haki. Hesabu A zilizopo kwenye aya yoyote ya Kiswahili, hata hii. Hakuna herufi tunayoitumia zaidi ya hiyo, na kibodi imeikabidhi kwa kidole kidogo kuliko vyote, cha mkono ambao wengi wetu hatuutumii kuandikia. Mpangilio huo ulitengenezwa Milwaukee, Marekani, na Christopher Latham Sholes na wenzake, na Remington wakaanza kuuza mashine zake mwaka 1874, zikiandika Kiingereza. Mwaka 1936 August Dvorak akapata hataza ya mpangilio mwingine, akazihamisha karibu herufi zote kutafutia vidole nafuu. A na M akaziacha palepale. Kwa hiyo hata ungeamua kuhama, kidole chako cha mwisho kingeikuta kazi yake ikikisubiri.

Kwa hiyo mimi husema: kizoeshwe mapema, na kizoeshwe kwa Kiswahili. Mazoezi ya Kiingereza yanafundisha vidole mafungu ya herufi za Kiingereza. Kidole hakijifunzi herufi, kinajifunza mwendo. "Kwa", "nya", "ngw", "wana", "ali", "haku": hiyo ndiyo miendo yetu, na hutaipata mahali pengine. Na tuna bahati moja ambayo hawakutukusudia. Kwenye mstari wa kati vokali ni moja tu, A, ndiyo maana mazoezi ya mwanzo ya Kiingereza huwa makavu, maneno yanaisha haraka. Sisi tuna dada, kaka, lala, saka, hasa, haja, sala, kasha, dagaa, hadaa. Siku ya kwanza tu mwanafunzi anaandika jambo lenye maana, na anayeandika jambo lenye maana hachoki upesi.

Mimi nilijifunza Tabora, Chuo cha Uhazili, kwenye taipureta za chuma. Mwalimu alitufunika mikono kwa kipande cha khanga tusione herufi, akawa anagonga meza kwa rula, na sisi tunapiga kwa mapigo yake, darasa zima kama ngoma moja. Ukikosea siku ya nakala tatu za kaboni, unafuta mara nne: karatasi ya juu, kisha kila nakala peke yake. Kosa lilikuwa na gharama ya dakika, na gharama ile ndiyo iliyotufunza kwenda polepole. Nasisitiza hili kwa kila ninayemfundisha: wiki sita za mwanzo usitafute kasi. Ukikosea neno, lirudie lote toka mwanzo, usirekebishe herufi moja. Vidole vinakumbuka ulichofanya, pamoja na lile kosa.

Mahakamani nilikuja kuyajua maneno kwa mikono. "Mahakama" ni neno tamu kuliko yote kulichapa: kulia, kushoto, kulia, kushoto, herufi nane bila mkono mmoja kufuatisha mara mbili. "Baraza" lote ni la kushoto, kama "barabara". "Hukumu" lote ni la kulia, na kati ya herufi zake sita, tano zinaangukia kidole kimoja, cha shahada. Kidole cha kati kinasaidia kwenye K tu. Ukiwa umechapa kutwa nzima ndipo utajua uzito wa hukumu, na neno lenyewe linajirudia kila ukurasa.

Nilichokuwa nachapa ni maandishi ya mkono. Shahidi anasema, hakimu anaandika kwa peni, mimi nachapa mwenendo wa shauri. Kwenye mahakama ya wilaya, kwa miaka mingi, shahidi alisema Kiswahili, hakimu akaandika Kiingereza, kwa hiyo nilichapa maneno ambayo yule mama pale kizimbani hakuwahi kuyatamka. Februari 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mwezi huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili akiwa Mahakama Kuu Musoma, alipandishwa kwenda Mahakama ya Rufani. Ofisini kwetu mabadiliko niliyasikia kwenye vidole kabla ya masikio. Miaka ishirini na zaidi ya Kiingereza ilikuwa imevipa njia zake. Nilirudi kufanya mazoezi kama mwanafunzi, nusu saa kila asubuhi kabla wateja wa mahakama hawajafika, na programu ikanichorea mstari mwekundu chini ya kila neno mpaka nikauzima ukaguzi wake.

Huko ndiko nilikojifunza tofauti ya kosa la mkono na kosa la kibodi. Kibodi hukosea kwa ujirani: unataka S unapata D. Kosa la namna hiyo mara nyingi linajionyesha, neno linakuwa halipo. Peni hukosea kwa sura. A isiyofungwa juu ni U. Katika shauri moja la shambulio nilifika kwenye sentensi ambayo inasomeka ama "alimkuta mlangoni" ama "alimkata mlangoni". Nikaileta karatasi dirishani, nikaigeuza, nikalinganisha na A nyingine za ukurasa ule. Nikasimama, nikaenda kubisha hodi kwa hakimu. Ilikuwa "alimkuta". Sikuwahi tena kukisia neno, hata kazi iwe imelundikana kiasi gani, na yeyote anayechapa maandishi ya mwenzake naomba afanye vivyo hivyo.

Sasa kuhusu kasi, kwa sababu kila kijana huanza nayo. Matangazo ya kazi za uhazili serikalini yalizoea kudai hatimkato (mwandiko wa alama fupi wa kumfuata anayesema) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika. Kwa kuchapa, programu nyingi huhesabu mibofyo mitano kuwa neno moja, nafasi ikiwemo. Hesabu hiyo ni ya haki kwetu, tofauti na kuhesabu maneno kama yalivyo. "Hawakutusaidia" ni neno moja la herufi 14. Kiingereza kingehitaji maneno matano kusema hilohilo. Mtihani ukihesabu maneno halisi, mchapaji wa Kiswahili ataonekana mzembe na vidole vyake vimefanya kazi ileile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, pamoja na wenzao wa Cambridge, walitoa mwaka 2018 matokeo ya watu 168,000 waliochapa Kiingereza. Wastani ulikuwa maneno 52 kwa dakika. Jambo lililonigusa ni kwamba wenye kasi hubonyeza herufi inayofuata kabla hawajaachia iliyotangulia. Ndivyo inavyokuwa kwenye "mahakama", mkono mmoja unaachia mwingine umeshafika.

Lakini sitaki binti aache kalamu, na hapa nina ushahidi wa mwili wangu. Nilichapa hukumu ya kesi ya kiwanja, kurasa kumi na saba. Jioni mwenzangu akaniuliza, "Nani kashinda?" Sikujua. Maneno yalikuwa yameingia machoni yakatokea vidoleni, hayakupita kati. Imla ya hatimkato, niliyoandika kwa penseli, niliweza kuisimulia hata kesho yake. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosema wanafunzi wanaoandika kwa mkono wanaelewa dhana vizuri zaidi kuliko wanaochapa kwenye kompyuta, kwa kuwa anayechapa hunakili neno kwa neno. Waliorudia jaribio baadaye hawakupata tofauti ya wazi kama ile. Mimi sisemi kwa niaba ya watu wote. Nasema nikitaka kujua jambo naliandika kwa mkono, nikitaka lifike kwa watu nalichapa.

Na kuna maandishi ambayo nayakataa kabisa kuyachapa. Mwezi uliopita kaka yangu alikuja na wazee wawili: "Shangazi mtu, mwanao anataka kuoa, tuchapie barua ya posa, uiweke na maua pembeni." Nikawaambia kuchapa nitachapa mwaliko wa harusi, Mungu akipenda. Posa naandika kwa mkono. Wazee wa upande wa pili wataishika, wataitoa fedha iliyomo, wataisoma mbele ya watu, na watataka kuona kuna mtu aliyekaa chini kwa ajili ya binti yao. Niliandika nakala mbili za majaribio kwenye daftari la mahesabu, nikanunua karatasi nzuri, nikaandika ya tatu kwa peni ya wino wa buluu. A zangu zote nilizifunga juu.

Leo asubuhi duka lilikuwa tulivu. Nilimfunika binti mikono kwa khanga yangu, nikamsomea ukurasa mzima, na sikugonga meza, mapigo anayo mwenyewe sasa. Alifanya makosa matatu, yote kwenye neno "hukumu". Nimemwachia mistari ishirini ya neno hilo mpaka nitakaporudi kutoka sokoni.