Chupa ya Dirishani

Mwishoni mwa mwaka 2011 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, nikiishi kwa mama mdogo Ujiji. Yeye na wanawake wenzake watano walikuwa wakitengeneza sabuni uani, kwa mawese yaliyoletwa kwa madumu kutoka vijijini. Mimi nilipewa kazi ambayo wengine hawakuipenda: kuchanganya kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni.

Kostiki tuliinunua kwa mfuko wa kilo 25, vipande vyeupe vyembamba kama magamba ya samaki. Ukiviacha wazi vinavuta unyevu wa hewani, vinaanza kutokwa jasho, mwisho vinagandamana na nguvu inapungua. Ndiyo maana mama mdogo aliviweka kwenye ndoo nzito ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, stoo, juu ya matofali, na ufunguo wa stoo aliufunga kwenye pindo la kanga yake. Hakumwachia mtu.

Alinifundisha mwenyewe. Pima maji kwanza, kisha mwaga kostiki kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mwiko mrefu. "Kostiki ifuate maji, maji yasifuate kostiki," alikuwa akisema kila asubuhi, hata nilipokwisha kulizoea neno hilo. Ukimwagia maji juu ya kostiki joto linapanda ghafla mahali pamoja, mchanganyiko unaruka, na kinachoruka kinatafuta macho. Hata ukifuata utaratibu, ndoo inapata moto mpaka huwezi kuishika ubavuni, na mvuke wake unakwaruza koo. Nilisimama upepo unakotoka, mikono mirefu, glavu za mpira, miwani.

Sufuria za alumini zilipigwa marufuku kabla sijafika. Mmoja wa wale akina mama aliwahi kuchanganyia humo, sufuria ikaanza kuchemka bila moto, ikageuka nyeusi, kisha ikatoboka. Gesi inayotoka pale ni haidrojeni, nayo inawaka, na jiko la mkaa lilikuwa hatua chache tu. Niliionyeshwa sufuria yenyewe. Waliitundika ukutani makusudi.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Siku ile mawese yalipungua. Kila kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 141 za kostiki, na mimi nilikuwa nimeshachanganya kwa kipimo cha kilo 10 nilipoambiwa kwamba dumu moja limeletwa nusu. Nilipomaliza kukoroga sabuni, ndoo ilibaki na maji ya kostiki kama nusu lita. Kuyamwaga mtaroni nilikatazwa, maana mtaro ule unashuka ziwani, na huko watu wanafua, wanaoga na kuteka. Mama mdogo alikuwa ameenda sokoni Mwanga na ufunguo wake. Nikaangaza huku na huku, nikaiona chupa tupu ya maji ya dukani. Nikayatia humo, nikafunga kizibo, nikaiweka dirishani jikoni nikijiambia kwamba akirudi nitamkabidhi. Yakishatulia na kupoa, maji ya kostiki hayana rangi wala harufu. Chupa ile ungeiona ungesema imetoka dukani sasa hivi.

Mpwa wangu alikuwa na miaka minne. Aliingia jikoni kutoka mwembeni kwa jirani, amejaa utomvu wa maembe mikononi, ana kiu. Na kuna jambo ambalo mpaka leo linanikaa moyoni: pale nyumbani kostiki soda tuliikata jina, tukawa tunaiita soda tu. "Lete soda." "Soda imeisha." Mtoto alikuwa akisikia hayo siku nzima.

Nilisikia kishindo cha kigoda, halafu ukelele ambao haukufanana na kilio chake cha kawaida. Nilimkuta ameshika shingo, mate yanamtoka mfululizo, midomo imeanza kuvimba. Alikuwa amepiga funda moja na kulitema, lakini si lote. Maji yaliyomdondokea kifuani yalikuwa yanateleza nilipoyagusa. Ule utelezi ni ngozi yenyewe ikianza kuliwa, mafuta yake yakigeuka sabuni.

Dada alitoka chumbani, akamkumbatia, akaanza kumtia kidole mdomoni ili atapike. Jirani yetu muuguzi aliruka ua wa mabua akipiga kelele: "Mama, usimtapishe! Kilichomuunguza kikishuka kitamuunguza tena kikipanda!" Alimsukutua mdomo kwa maji safi, akamvua shati, akaniamuru nimmwagie maji kifuani, mengi, bila kuacha, mpaka pikipiki ifike. Kuna aliyeleta siki, kwamba eti inaua ukali. Alimkatalia. Juu ya ngozi iliyoungua, siki ikikutana na kostiki inazalisha joto jingine. Maji tu, alisema, na muda.

Tulipanda bodaboda, dada katikati na mtoto kifuani, mimi nyuma nimeshika ile chupa. Muuguzi ndiye aliyeniambia niichukue, ili daktari aone ni nini na kimepungua kiasi gani.

Alilazwa siku nne. Ulimi ulikuwa na utando mweupe, na siku mbili za kwanza hakumeza hata mate. Daktari alitueleza kwamba hatari haiishi vidonda vikipona: kovu likikaza umio, wiki au miezi baadaye mtoto anaanza kukwamwa na chakula. Tukaishi tukimtazama anavyokula. Kila tonge la ugali aliloshika, mimi niliacha kula nikamwangalia koo. Dada hakunilaumu kwa neno hata moja, wala hakunitazama usoni kwa muda mrefu. Umio wake haukukaza, namshukuru Mungu.

Mama mdogo aliniuliza swali moja tu jioni ile niliporudi kuchukua nguo. "Kwa nini chupa ya maji, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Alichukua maji ya kostiki yaliyobaki, maana alisema hayatalala tena kwenye chupa ile. Plastiki nyembamba ya namna ile nayo inaliwa polepole, siku moja ingekuja kuvuja. Aliyamimina taratibu kwenye mawese mekundu mengi, zaidi ya yale ambayo kostiki iliyokuwamo ingeweza kuyageuza sabuni, ili isibaki hata chembe inayotafuta cha kuunguza. Akakoroga mwenyewe, glavu mkononi, hasemi. Mimi nilimshikia taa.

Chupa tuliisuuza mara nyingi, akaikata vipande kwa kisu. Kuanzia hapo neno soda, kama halikuwa la kinywaji, halikutamkwa tena uani pale.

Sabuni ile ilitoka ya njano, laini, imepinda upande. Tuliiacha ikauke wiki nne dirishani palepale, tukaisugulia sakafu ya jikoni mpaka ikaisha. Dada hakuigusa.