Mbona imekuja mapema

Jana binti yangu alinikuta nabadilisha majina ya faili kabla ya kuzitia kwenye fleshi ya gari. "Baba, kwa nini unaandika 001? Si uandike 1 tu?" Nikamjibu upesi: redio inayopanga kwa majina husoma tarakimu mojamoja, hivyo 10 hutangulia 2, ukianza na sifuri, kila namba inakaa mahali pake. Ni kweli, ila si yote. Yaliyobaki niliyajua njiani kwenda Tanga, Baba, ambaye sasa ni marehemu, akiwa kiti cha kushoto.

Kanda zake 14 za taarabu nilizihamishia kwenye kompyuta. Kila upande wa dakika 30 ukawa faili moja ya MP3 ya ubora wa kbps 128, kama MB 29. Faili 28, hata GB 1 hazifiki. Nilitumia fleshi ya GB 8 yenye FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, maana ile ya GB 64 ilikuja na mfumo mwingine, exFAT, na redio ya gari haikuitambua kabisa. Usiku wa kuamkia safari nilifuta kwenye fleshi upande wa pili wa kanda ya 1, uliokuwa na mikwaruzo, nikaongeza kanda ya 7 iliyokuwa imebaki.

Upande wa kwanza uliisha kabla hatujafika Mkata. Ukasikika mvumo wa kanda, kisha sauti ya Mama: "Fungeni mlango huo, kuku wanaingia!" Baba alirekodi kwa kuweka redio kaseti mbele ya redio kubwa, na nyumba nzima iliingia humo. Mama alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Baba alinyoosha mkono hadi karibu kabisa na kioo cha redio, kidole kikabaki hewani, fidla zikaingia, mkono ukarudi taratibu pajani.

"Mbona imekuja mapema?" akasema. "Hiyo ni ya saba."

Nikazima.

Segera niliegesha, nikafungua kompyuta mapajani. Redio ile haikujali majina. Ilifuata orodha ya fleshi kama faili zilivyoandikwa humo. Ukifuta faili, nafasi yake hubaki wazi, na ijayo inaweza kuingia palepale. Ndivyo kanda ya 7 ilivyokaa ya pili. Kubadilisha majina peke yake kusingesaidia. Nilinakili zote kwenye kompyuta, nikafomati fleshi upya kwa FAT32, nikazipa majina kuanzia 001, ule upande niliofuta ukiwemo, nikazirudisha mojamoja, nikingoja kila moja iishe. Ukiziburuta zote kwa pamoja, kompyuta yaweza kuanza na yoyote. Mwisho nikaitoa fleshi kwa utaratibu, nisije nikaharibu faili ya mwisho. Siku hizi programu ya FatSort hupanga orodha hiyo bila kunakili upya, lakini mimi bado napenda mojamoja.

Mama sasa alikuwa 013. Kutoka Segera hadi Tanga hatukumfikia.

"Tumefika ya ngapi?" Baba akauliza nilipozima gari mlangoni.

"Ya tatu, Baba."

"Haya. Ziache hivyohivyo."

Fleshi alibaki nayo. Kama aliwahi kufika 013, sikumuuliza. Ninayomwandalia binti yangu ina faili zote 28 kwa mpangilio wake. Mimi mwenyewe nikiwa peke yangu garini, 012 ikiisha, kuna siku naiacha iendelee na kuna siku naizima.