Taco za Pweza Paje

Wazo lilikuwa la shoga yangu wa Jambiani, ambaye hawezi kuona mkahawa mpya umeezekwa makuti asinipigie simu. Alisema Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, wanapika chakula cha Kimeksiko, mabenchi ya mbao, unakula miguu imo mchangani. Mpemba wetu aliuliza jambo moja tu: nguruwe yumo? Kuambiwa hayumo, akawa wa kwanza kufika stendi ya Mwanakwerekwe.

Daladala ilijaa kama kawaida ya gari za shamba. Jumbi, Tunguu, Bungi, huyu anashuka na beseni, yule anapandisha gunia la mbatata. Jozani dereva alipunguza mwendo, maana kima punju huvuka barabara bila kumuomba mtu ruhusa. Ukishapita Kitogani unaanza kuisikia bahari puani.

Tulikuta maji yamekupwa. Kwa mbali kinamama wa mwani walikuwa bado wameinama kwenye kamba zao, na huku ufukweni wageni wenye matiara makubwa wakisubiri maji yajae. Hatukukaa kutazama, njaa ilikuwa kali.

Tulimwambia mhudumu atuletee kila kitu kwenye sinia moja. Akasita, kwa vile wageni wake kila mtu huagiza sahani yake, kisha akacheka akaenda kulitafuta. Sinia likaja limesheheni: taco za pweza, za kuku na za nyama ya ng'ombe, maharage meusi yaliyopondwa, parachichi lililosagwa kwa ndimu na kitunguu, na vibakuli vya chatne ya tungule na pilipili. Taco ni kimkate cha mahindi, chembamba, upana wa kiganja; unatia kitoweo, unakunja, unakula kwa mkono. Kwa hilo hatukuhitaji mafunzo.

Kilichotushangaza ni mkate wenyewe. Una harufu isiyokuwamo kwenye sima wala kwenye mahindi ya kuchoma ya Forodhani. Mpishi, kijana wa Bwejuu aliyefundishwa na mwenye mkahawa, alikuja kutueleza: mahindi huchemshwa na chokaa, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa.

"Chokaa hii ya tambuu?" Mpemba akauliza, mkono umesimama njiani.

"Ndugu yake, kaka. Kula tu."

Si kituko cha mpishi. Watu wa Meksiko, ambako mahindi ndiko kwao asili, wamefanya hivyo tangu kale sana. Chokaa huvua ganda, huufanya unga ushikane, na huifungua niasini, aina ya vitamini B, ambayo vinginevyo mwili hauipati vizuri kwenye mahindi. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo ulibaki nyuma. Kaskazini mwa Italia, na baadaye kusini mwa Marekani, maskini walioishi kwa mahindi matupu waliugua pelagra, maradhi ya kukosa niasini, wengi wakafa. Na sisi tuna chokaa ya mawe ya pwani, tumejengea Mji Mkongwe mzima, tunaipaka kwenye tambuu, lakini kwenye chungu cha mahindi haijawahi kuingia.

Taco za kuku zilizua ubishi. Nyama ilikatwa kutoka kwenye mshikaki mrefu wa kusimama, ikawekwa nanasi juu. Shoga yangu akasema hii shawarma, tumeibiwa. Hakukosea sana: namna hii ya kuchoma ilipelekwa Meksiko na wahamiaji wa Lebanoni, ingawa kule leo huchomwa nguruwe. Mimi nanasi ningeliacha liwe la kumalizia.

Pweza ndiye aliyeshinda. Amechemshwa akalainika, kisha akapitishwa motoni mpaka ncha za mikia zikakauka, juu pilipili mbuzi, ambayo ni jamaa wa karibu wa habanero, pilipili wanayoisifia Yucatán huko Meksiko. Tulinyamaza wote. Burrito, ule mkate mkubwa wa ngano uliofungwa na wali ndani, sikuuelewa. Wali nimeuacha nyumbani, na nyumbani una nazi.

Bili ilipofika Mpemba aliisoma mara mbili, akaanza kuhesabu kwa sauti: kwa fedha hii, mnadani, tungepata pweza wangapi? Akawataja mmoja mmoja mpaka wavuvi waliokaa meza ya jirani wakaingia kwenye mazungumzo, kila mmoja na bei yake. Kweli bei ni ya watalii, na mtu wa Paje mwenyewe hawezi kwenda pale kila Ijumaa. Tulichanga, tukalipa. Kisha yule yule Mpemba akamwita mhudumu pembeni, akaagiza taco nyengine za pweza zifungwe, apeleke kwa mke wake, na pilipili iwekwe mbali.