Thelathini na tano za jimu, ishirini na mbili za barabara ya TPC

Shemeji yangu akimaliza mazoezi ya baiskeli ya jimu hutuma picha ya kioo cha mashine kwenye kundi la familia. Ya juzi ilisomeka kilomita 35 kwa saa. Chini yake akaandika: "Shemeji, wewe na mtumba wako mnaendaga ngapi?"

Mtumba wangu ni baiskeli ya Japani yenye mpini ulionyooka, kilo 14 kwa mizani ya dukani tunayopimia misumari. Huwa naipeleka barabara ya TPC, kiwanda cha sukari kusini mwa Moshi, asubuhi, kabla jua halijawa kali na malori hayajachangamka. Kwenda kwenye miwa naonekana bingwa. Kurudi Moshi, simu inasema 22, na hapo nimekanyaga kwa moyo wote.

Sasa nimjibu shemeji hapa, maana kwenye kundi mama mkwe anasoma.

Baiskeli ya jimu haiendi popote, kwa hiyo hiyo kasi lazima itungwe. Mashine nyingi za bei nafuu zina sumaku ndogo inayohesabu mizunguko, kisha zinazidisha kwa namba aliyoiweka mtengenezaji. Jaribu mwenyewe: legeza kile kirungu cha kukazia, zungusha miguu haraka bila jasho lolote, uone kasi inavyopaa. Barabara haikupi nafasi hiyo. Ukitaka kasi, unailipia.

Na unamlipa nani? Kwenye tambarare, sehemu kubwa inachukuliwa na hewa. Nguvu inayohitajika kuisukuma hewa hupanda kama kasi iliyozidishwa kwa yenyewe mara tatu (kasi × kasi × kasi): ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, hewa peke yake inadai nguvu mara nane. Ndiyo maana kutoka 20 kufika 25 unaweza, lakini kutoka 30 kufika 35 unatafuta ugomvi na mapafu yako. Kuna pia msuguano wa matairi na lami, na kidogo kinapotea kwenye mnyororo. Mnyororo mkavu wenye vumbi letu la Juni unakula zaidi.

Kwa hiyo tuache kasi, tuongee wati. Wati ni kipimo cha nishati unayoitoa kwa kila sekunde, na haijali kama umekaa jimu au uko barabarani Himo. Nimepiga hesabu kwa mtu wa uzito wangu, kilo 90 pamoja na baiskeli, amekaa wima kama mimi, hakuna upepo, anatoa wati 150. Kwenye tambarare kabisa atakwenda kama kilomita 27 kwa saa. Mpe mteremko wa mita 1 kwa kila mita 100, mteremko ambao macho hayauoni, anafika 32. Mgeuze aupande huo huo, anashuka hadi 22. Miguu ni ile ile na wati ni zile zile. Mji wa Moshi uko juu kuliko mashamba ya miwa, ndiyo maana "tambarare" ya TPC ina maneno mawili, la kwenda na la kurudi. Mlima wa kweli, wa mita 5 kwa 100, unamwachia kilomita 10 tu.

Hata hewa yenyewe si moja. Arusha iko juu zaidi yetu, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo wati zile zile zinakupa mwendo kidogo zaidi kule, ingawa mwili nao unapata oksijeni pungufu. Eddy Merckx, bingwa wa baiskeli wa Ubelgiji, mwaka 1972 alisafiri hadi Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, kutafuta rekodi ya saa moja, yaani umbali mrefu zaidi kwa saa moja. Akapata kilomita 49.431. Hakufuata mandhari.

Lakini wati za jimu nazo usizimeze nzima nzima. Mashine yenye kipimo cha kweli kwenye pedali inaaminika. Ile inayokisia kutokana na mizunguko na namba ya ukazaji, pedi zake za kukazia zikishalika, inaendelea kukuandikia sifa za mwaka jana. Halafu kuna joto. Sehemu kubwa ya chakula unachokichoma, kama robo tatu, inatoka mwilini kama joto, na ndani hakuna upepo wa kuliondoa. Bila feni, dakika ya ishirini unafifia, wakati nje miguu hiyo hiyo ingeendelea.

Mlima ndiyo mizani isiyohongwa, kwa sababu ukienda polepole hewa haina sauti kubwa, kazi karibu yote ni kupandisha uzito. Chukua kilo zako na za baiskeli, zidisha kwa 9.81, zidisha kwa mita ulizopanda kwenda juu, gawanya kwa sekunde. Mimi nimechagua kipande cha barabara ya Himo kwenda Marangu chenye mita 100 za kupanda. Kilo 90, dakika 12: wati 123. Ongeza kama 25 za matairi, hewa na mnyororo, unapata karibu 150.

Shemeji alikubali kuja Jumapili, baada ya ibada ya kwanza, na baiskeli ya kuazima. Mizani ilisema kilo 108, yeye na chuma chake. Alitumia dakika 15, akafika amekaa kimya, jambo ambalo si la kawaida. Hesabu: wati 118 za kupanda, ongeza kama 20, haifiki 140. Mashine ya jimu inamwandikia 210.

Akaniuliza kama inaruhusiwa kurudia bila chupa ya maji. Nikamwambia kuiacha lita moja kutampunguzia kama sekunde nane. Akaimwaga yote.