Uyoga wetu tunauvuna mbalamwezi

Huku Kayenze, mkoani Mwanza, dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukikomaa taa hazifui dafu, mitumbwi inapumzika na bei ya dagaa inapanda. Sisi wachuuzi tunakaa bure, na nyumbani ni ugali kwa mchicha tu. Kikundi chetu cha akina mama kilipoamua kuotesha uyoga, pengo hilo ndilo tulilolilenga.

Tunaotesha uyoga aina ya mamama, hauhitaji shamba. Majani makavu ya mpunga tunayafuata Magu na Misungwi, ambako baada ya mavuno wengi huyachoma moto. Tunayakatakata, tunayaloweka usiku kucha, kisha tunayachemsha kwenye pipa. Kuni ndizo zinazotula hela, nisikufiche. Yakishapoa na kuchuja maji, mwenyekiti wetu ana kipimo chake: chukua konzi moja, ikamue. Maji yakitiririka, subiri. Yakitoka matone mawili matatu, jaza mfuko. Maji yakizidi utavuna ukungu wa kijani.

Mbegu, yaani punje za mtama zilizoshika utando wa uyoga, tunazipanga tabaka kwa tabaka ndani ya mifuko ya nailoni. Anayepanda ananawa kwa sabuni, kisha anajipaka spiriti, na hapo hakuna cha udugu. Mifuko inakaa chumba cha giza takriban wiki tatu mpaka iwe myeupe yote. Tunaitoboa, tunaihamishia chumba chenye hewa na mwanga kidogo, na mchanga wa sakafuni tunaulowesha kutwa. Vichwa huchomoza baada ya siku chache.

Ukijumlisha, ni kama mwezi mmoja. Basi tunapanda mbalamwezi ili tuvune mbalamwezi inayofuata. Haiangukii pale pale kila mara, hasa kiangazi kikiwa kikavu. Tena hatupandi mifuko yote kwa pamoja, maana uyoga mbichi haukai. Nusu tunaichelewesha siku kadhaa. Na mfuko mmoja huzaa zaidi ya mara moja, kwa hiyo hata siku za giza hatukosi cha kuokota.

Kila mvuno, nyumba zinapata fungu lake kwanza. Tulibishana sana hapo, wengine wakitaka uuzwe wote. Mimi nilikuwa upande wa sufuria: uyoga una protini, na ukiuunga kwa karanga watoto hawaulizi samaki yuko wapi. Unaobaki tunauanika juani, mikunjo ya chini ya kichwa ikitazama juu, kwani jua huuongezea vitamini D. Kilo 10 mbichi hurudi karibu kilo 1.

Wateja wetu wakubwa ni mama ntilie wa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga. Mwanzoni waliuliza, "Dada, huu si wa porini kweli?" Tukawa tunawapelekea mfuko mzima, uyoga ukiwa bado umeota, wachume wenyewe. Hoteli za mjini bei yao ni nzuri zaidi ila malipo huchelewa, kwa hiyo huko tunapeleka mkavu tu.