Na wanaopinga?

Jumamosi iliyopita, katika mkutano wa chama chetu hapa South B, Nairobi, mwenyekiti alitaja pendekezo la kuongeza mchango wa kila mwezi, akauliza kama tumekubaliana, wachache wakapiga makofi, naye akahamia ajenda iliyofuata. Mimi ni katibu. Nilitarajiwa kuandika kwamba wanachama wote waliafiki, ilhali nilikuwa nimemwona mama mmoja muuza mboga akifumba mkoba wake na kuinamisha kichwa.

Kilichokosekana ni swali moja fupi: na wanaopinga? Katika Bunge la Uingereza, Spika amelazimika kuliuliza tangu mwaka 1604, ambapo pia wabunge walikatazwa kuiacha hoja na kumshambulia aliyeitoa. Kanuni hizo zilisafiri hadi Marekani, na mwaka 1863 mhandisi wa jeshi aitwaye Henry Robert aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa mjini New Bedford, akagundua mbele ya watu kwamba hajui mkutano huongozwaje. Aibu hiyo ndiyo iliyomfanya asome, na mwaka 1876 akachapisha kwa gharama yake mwongozo wa kufuatwa na vyama vya kawaida.

Huku kwetu Kenya, kanuni zilitangulia haki. Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni lilianza vikao mwaka 1907, lakini hakuna Mwafrika aliyeketi humo hadi Eliud Mathu alipoteuliwa mwaka 1944. Utaratibu mzuri haumsaidii aliyefungiwa mlango.

Wapo wanaoniambia kwamba chama ni udugu, na kwamba mambo ya hoja, akidi (idadi ya wanachama inayotakiwa ili kikao kiwe halali) na kuunga mkono tuyaachie Bunge. Nawaelewa, kwa kuwa wazee walizungumza mpaka wakaafikiana, lakini wazee hao walikuwa na siku nzima, nao walimgeukia aliyenyamaza wakamwuliza ana neno gani. Sisi tuna saa mbili, fedha za watu, na mwanachama mwenye sauti kubwa ambaye sitamtaja. Swali la wanaopinga humpa mnyonge nafasi ya kusema La bila kuonekana mkorofi, kwa sababu ameulizwa.

Nimemwomba mwenyekiti airudishe hoja hiyo mwezi ujao, iwe na mtoa hoja na mwungaji mkono, kisha ahesabu mikono ya pande zote mbili. Amekubali, ingawa amelalamika kwamba chai itapoa.